Fausta wa Miaka Kumi na Tisa

Fausta Tluway alikuwa amepanda juu ya banda lake la kuku, misumari mitatu mdomoni, akirudishia bati la umeme wa jua lililong'olewa na upepo wa jana yake, pale mwanamke asiyemfahamu alipoingia uani bila kubisha hodi. Mwanamke huyo alikuwa amesukwa nusu. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa na mistari mizuri ya kwenda sherehe. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama zilivyoamka.

"Wewe ndiye Fausta? Yule wa mbio?"

Fausta akatema misumari kiganjani. "Ndiye mimi. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mimi ni Mama Valeria, natoka hapo Bagara. Nimekuja kukushitaki."

"Kwa nani?"

"Kwako mwenyewe. Nilipiga simu polisi, wameniambia jambo langu halina kifungu."

Fausta akashuka ngazi taratibu, akitanguliza mguu wa kushoto, maana goti la kulia lilikuwa la kutengenezwa na bado alikuwa analizoea. Akavuta viti viwili vya plastiki. Mama Valeria hakukaa. Alieleza amesimama, mkono mmoja umezuia upande wa nywele ambao haujasukwa.

Leo ilikuwa harusi ya binti yake mkubwa, Valeria. Ndoa saa sita, ukumbini saa tisa. Mdogo wake bibi harusi, Sekunda, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyepangwa kuserebuka mbele ya dada yake wakati wa kuingia ukumbini. Gauni limeshonwa. Viatu vimenunuliwa. Alikuwa amefanya mazoezi ya kucheza mwezi mzima. Alhamisi jioni akatoka chumbani akasema haendi.

"Jumatatu ana mbio za mkoa," Mama Valeria alisema. "Ameniambia, 'Mama, dada Fausta amesema siku nne kabla ya mbio hakuna kusimama juani, hakuna kula chakula cha watu, hakuna kucheza.' Nikamwambia Valeria ni dada yako wa tumbo moja. Akanijibu, 'Dada Fausta anasema familia inayokupenda itakuelewa.' Sasa mimi nakuuliza, dada yangu. Ulimwambia hivyo?"

Fausta alikaa yeye kwenye kiti. Aliyakumbuka maneno yale. Alikumbuka hata alivyoyatamka, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha.

"Nilisema," alijibu.

Kitu kilichosema na Sekunda kiliitwa punje. Kilikuwa kidogo mfano wa kiini cha hindi, kikabandikwa nyuma ya sikio. Hakikupiga domo ovyo. Kilisikiliza mapigo ya moyo. Mtoto akifika njia panda, moyo ukasita, ndipo kilipomnong'oneza jinsi mtu mashuhuri aliyemchagua angeamua. Watoto walipewa wakifika darasa la sita, na kila mmoja alichagua wake: huyu mwimbaji, yule mchezaji wa mpira, mwingine daktari wa kwenye runinga. Kuanzia Babati hadi Bujumbura, watoto laki nne na kitu walikuwa wamemchagua Fausta. Lakini hawakuvaa Fausta huyu wa banda la kuku, mwenye miaka thelathini na sita. Walivaa yule wa kumi na tisa, aliyetoka kushinda mbio kubwa za kwanza za maisha yake, akawekwa siku ishirini na moja katika chumba cheupe, nyaya kichwani, akiulizwa maswali elfu kumi na moja: ungefanya nini kama hivi, ungefanya nini kama vile.

Na kila swali alilijibu kwa moyo mweupe. Hapo ndipo penye ugumu. Hakudanganya hata mara moja.

"Sikatai, punje yako imemnyoosha mwanangu," Mama Valeria aliendelea, sauti imeshuka. "Zamani alikuwa mwongo, siku hizi hasemi uongo. Anaamka kabla yangu. Hesabu zamani alikuwa anapata sifuri, sasa anapata themanini. Ningeweza kuibandua kwa ukucha, dakika moja. Lakini nikiibandua kwa nguvu atakuja amenuna, na picha za harusi zitakaa na ule mnuno miaka hamsini."

Fausta alishindwa kujizuia, akacheka. Mama Valeria naye midomo ikamcheza, akaikaza.

"Twende," Fausta alisema. "Nipe dakika moja nibadilishe kandambili."

*

Nyumbani kwa kina Valeria palikuwa hapasikilizani. Wapishi walikuwa wanagombana juu ya binzari. Wapiga matarumbeta sita walikuwa wameshafika, wanajaribu midomo yao chini ya turubai. Mashine zilikuwa zimejaribu kazi ile miaka kumi nyuma, zikashindwa, watu wakasema hazina mate. Gari la bibi harusi lilikuwa linajiendesha lenyewe mbele na nyuma uani, likitafuta kivuli, na kila likisogea watoto wanapiga makofi.

Sekunda walimkuta nyuma ya tangi la maji. Alikuwa msichana mwembamba mwenye visigino vikavu, amevaa suti ya michezo, ananyoosha mguu juu ya ukuta. Gauni lake la rangi ya zambarau lilining'inia kwenye kamba, na alikuwa amelipa mgongo.

"Shikamoo, mama," alisema alipomwona Fausta.

"Marahaba. Unanifahamu?"

Msichana akamkagua kuanzia juu hadi chini. Akachelewa kwenye kiuno, ambacho miaka ilikuwa imekiongezea, kisha kwenye goti.

"Unafanana na dada Fausta."

"Ndiye mimi."

Sekunda akainamisha kichwa kidogo, akisikiliza. "Anasema nisishawishike na mtu mzima anayekuja saa za mwisho na maneno matamu."

"Najua. Nililisema hilo siku ya tano, kabla ya chakula cha mchana. Mtu aliyekuwa ananiuliza alikuwa na mafua."

Uso wa msichana ulibadilika kidogo. Akasikiliza tena. "Anauliza, siku uliposhinda mbio za kwanza ulikula nini?"

"Sikula. Nilitapika nyuma ya gari la wagonjwa, nikamwambia kocha nimeshiba."

"Anasema ni kweli," Sekunda alinong'ona, na hapo akashusha mguu ukutani. Lakini hakulegea. Alisimama kati ya Fausta na gauni, mikono nyuma, kama mlinzi wa geti. "Mimi namsikiliza yeye, mama. Samahani. Wewe umeshaacha mbio. Yeye hajaacha."

Fausta alijipanga kukasirika, hasira haikuja. Badala yake alimwona yule msichana mwingine, yule wa chumba cheupe, amekaa kitandani jioni na chupa ya maji, hana wa kumwambia neno, anajivunia kwamba hana. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Una haki," alisema. "Nikuombe kitu kimoja tu. Mwulize siku kaka yake Boay alipooa, bibi harusi aliingia ukumbini na wimbo gani."

Sekunda akauliza kimoyomoyo. Akangoja. Matarumbeta yakalia kidogo, yakakatika, mtu akacheka. Akangoja tena, na paji la uso likakunjamana.

"Amenyamaza," alisema. "Huwa hanyamazi."

"Hajui. Na mimi sijui. Kaka yangu alioa wiki ileile niliyokuwa chumbani humo. Ni mwendo wa saa nne kwa basi. Wale watu wangeniruhusu, mbona niliuliza wakasema ruksa. Halafu likaja swali, sherehe ya familia imegongana na mazoezi, utachagua nini. Nikajibu mazoezi. Wakanipigia makofi. Baada ya makofi, nitaendaje tena harusini?"

Sekunda alilitupia gauni jicho.

"Boay hakunilaumu. Mke wake ndiye aliyekuja kuniambia, tena miaka sita baadaye, kwamba kaka alinitunzia sahani ya pilau kabatini. Kila wakimwambia imwagwe, anasema Fausta yuko njiani. Ikakaa siku nne. Mpaka ikaota ukungu."

"Lakini ulishinda," Sekunda alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mwaka ule? Nilishinda kila mahali."

"Kama ungeenda harusini, ungeshinda?"

Swali lilikuwa la haki, na Fausta hakutaka kulijibu kwa uongo. Alilifikiria kwa kweli: kilomita zile, pumzi zile, wale wasichana wawili waliokuwa nyuma yake hatua tatu tu.

"Sijui, mwanangu. Pengine ningeshindwa."

"Dada Fausta hasemi 'sijui.'"

"Ana miaka kumi na tisa."

Kwa mara ya kwanza msichana akatabasamu, upande mmoja wa mdomo. Kisha tabasamu likazima. "Sasa mimi nimfuate nani? Nikufuate wewe?"

"Mimi? Asubuhi hii nimejipiga nyundo kidoleni mara mbili." Akamwonyesha kidole. "Niambie unachotaka wewe. Usiulize huko sikioni. Niambie mimi hapa."

Sekunda alichora mchanga kwa kisigino.

"Nataka kushinda Jumatatu. Na nataka kumserebukia Valeria. Naujua mchezo wote, hata pale pa kuzunguka. Nataka vyote viwili."

"Basi tukae tuone saa zinatosha au hazitoshi."

Wakakaa wakahesabu. Kanisani atakaa kivulini, na chupa yake. Ukumbini ataserebuka nyimbo mbili, si tatu, na viatu atavaa vya mazoezi ndani ya lile gauni refu, nani ataona. Chakula atakula cha mama yake, ugali na mlenda, kwenye bakuli lake. Saa kumi na mbili atarudi nyumbani na shangazi. Mpango wote aliupanga mwenyewe. Fausta alisaidia kwenye viatu tu. Walipomaliza, Sekunda akapeleka mkono nyuma ya sikio, akabandua punje, akaiweka katika kiganja cha Fausta.

"Mshike wewe mpaka nimalize," alisema. "Matarumbeta yatamtia kiwewe."

*

Kwa nini Fausta aliibandika punje nyuma ya sikio lake mwenyewe, hakuweza kueleza baadaye. Hakuwahi kuivaa. Ilikuwa kama kuvaa kiatu chako cha utotoni. Alikuwa mlangoni pa ukumbi, saa tisa na nusu, goti linamwambia akae nyuma pamoja na wazee, moyo ukasita, na sauti ikaja. Sauti yake, nyembamba, isiyo na mkwaruzo hata mmoja.

*Geuka uondoke. Hawatakukumbuka. Muda wako ni wako.*

"Shikamoo nawe," Fausta alijibu kwa mnong'ono.

*Goti la kulia lina nini?*

"Si letu tena. Tulia."

Mshehereshaji akatangaza. Matarumbeta yakalipuka yote kwa pamoja, na Sekunda akaingia. Aliingia amekaza macho kama yuko kwenye mstari wa kuanzia mbio, hatua mbili, tatu, mabega yamekakamaa. Kisha nyuma yake Valeria akamwita jina lake la nyumbani, jina la kitoto ambalo Fausta hakulisikia vizuri, na mabega yale yakafunguka. Akashuka chini akapanda. Akazunguka pale pa kuzunguka. Gauni likapepea, viatu vya mazoezi vya rangi ya chungwa vikaonekana ukumbi mzima, na watu wakainuka kwenye viti wakicheka kwa furaha. Mama Valeria, ambaye sasa alikuwa amesukwa kichwa kizima, alipiga vigelegele mpaka akashika mbavu.

*Ondoka kabla ya chakula,* sauti ikasema sikioni mwa Fausta. *Miguu inahitaji kupumzika. Ondoka.*

Fausta alijua mtoto angeitii. Alijua maana yule aliyeitamka, yeye mwenyewe wa miaka kumi na tisa, alikuwa akiitii. Hakuna mtu aliyewahi kumchukua yule msichana kwa mkono akamwambia njoo, mbio zitakungoja. Makocha walimsifu, magazeti yalimsifu, wazazi wa nchi nzima walisema muwe kama Fausta, na msichana angefanya nini mbele ya sifa zote hizo isipokuwa kukaa chumbani?

"Njoo tucheze," alimwambia.

Akaingia uwanjani kwa goti lake jipya. Hakujua mchezo. Mama Valeria alimshika mkono wa kushoto, mpishi mmoja mwenye harufu ya binzari akamshika wa kulia, wakamburuza mpaka katikati. Alikosea hatua, akakosea tena, akamkanyaga mpishi. Sauti ikasema ondoka mara ya tatu, na ya nne, kila mara chini zaidi, kadiri moyo wake ulivyoacha kusita na kuanza kwenda mbio za raha. Wimbo wa pili ulipofika katikati, punje haikuwa na la kusema.

Sekunda alicheza nyimbo zake mbili. Ya tatu ilipoanza aliitazama saa ya ukutani, akaitazama miguu yake, akaenda kukaa na bakuli lake la mlenda. Hakuna aliyemwambia.

*

Jumapili baada ya misa Fausta alimpigia Bi Tumsifu wa Taasisi ya Vielelezo, wale waliotengeneza punje. Sura ya Tumsifu ikatokea ukutani mwa sebule, amevaa kanga, anamenya njegere, maana ilikuwa siku ya mapumziko na wao walikuwa wamezoeana. Barua ya taasisi ilikuwa mezani tangu mwezi uliopita. Kila baada ya miaka kumi na saba mwenye punje alitakiwa aamue: aiache kama ilivyo, au akae upya chumbani arekodiwe alivyo sasa.

"Nimeamua kuifuta," Fausta alisema. "Ibaki ya mbio tu. Pumzi, vilima, viatu. Mengine yote mtoto akaulize watu wa kwao."

Tumsifu aliendelea kumenya njegere kwa muda. Hakuwa mtu wa kubishana kwa haraka.

"Kuna mtoto wa Kibondo aliniandikia," alisema. "Analelewa na babu asiyesikia vizuri. Anasema kila asubuhi punje yako humwambia, 'Umeamka, umeshashinda nusu.' Ni sauti ya kwanza anayoisikia kwa siku. Huyo nikamwambie aende akaulize watu gani, Fausta?"

Hilo Fausta hakuwa amelifikiria. Alikuwa amewaza watoto wenye dada na harusi na matarumbeta. Aliinuka, akaenda dirishani, akautazama Mlima Kwaraa ulivyojifunika wingu, akarudi.

"Basi nikae upya."

"Tulikujaribu nusu saa, unakumbuka? Ulijibu 'inategemea' mara arobaini na moja. Wakaguzi walidhani mashine imeharibika."

"Msimtoe yule msichana. Mtoto wa Kibondo abaki naye. Ila mniweke na mimi mlemle. Pale alipokosea, niseme, hapa nilikosea, na hivi ndivyo ilivyonigharimu. Pale nisipojua, niseme sijui, wewe unaonaje."

"Mfumo hauna nafasi ya jibu la 'sijui.' Hawakuitengeneza."

"Si muitengeneze, Tumsifu. Mna watu mia mbili wenye digrii hapo."

Tumsifu alicheka mpaka njegere zikamwagika. Kisha akakaa vizuri. "Wazazi watalalamika. Wanataka mtu mashuhuri asiye na doa. Watoto laki nne, pengine laki moja na nusu watakuacha."

"Wataniacha waende kwa nani?"

"Kwa yule mwimbaji wa mavazi ya vioo."

"Naye ana mama yake," Fausta alisema. "Nitampigia simu huyo mama, aniambie mwanawe naye alikosea wapi."

*

Jumatatu asubuhi uwanja wa mji ulikuwa umejaa wanafunzi wa mkoa mzima. Fausta alisimama karibu na utepe wa mwisho, kofia imeshuka usoni, na bado watu wakamtambua. Aliulizwa mara tatu kama Sekunda Bura ni mwanafunzi wake, akajibu mara tatu kwamba ni jirani.

Walitoka wasichana ishirini na wawili. Mzunguko wa kwanza Sekunda alikuwa wa tisa, wa pili akawa wa tano. Sikio lake lilikuwa tupu. Alikuwa amesema leo anataka kusikia pumzi zake mwenyewe. Kona ya mwisho akawa wa pili, nyuma ya msichana mrefu wa Hanang aliyekimbia kama anayeteremka mlima. Fausta aliona kwa jicho lake la zamani kwamba Sekunda alikuwa amechelewa kufyatuka, sekunde mbili, labda tatu, na akajikuta anauma kofia. Pengo likapungua. Likapungua tena. Utepe ukafika kwanza. Msichana wa Hanang alishinda kwa urefu wa mkono.

Fausta akanyoosha mikono. Alikuwa na maneno tayari, maneno mazuri, ya mtu aliyewahi kushinda na kushindwa kwenye uwanja uleule. Sekunda alikuja moja kwa moja upande wake, anatweta, jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, macho yanawaka.

Akampita.

Nyuma ya Fausta, kati ya kamba na meza ya waamuzi, Valeria alikuwa anakuja mbio, bibi harusi wa siku mbili, hina bado mikononi, visigino vya viatu vinazama kwenye nyasi, mume wake yuko nyuma amebeba mkoba wake. Ndugu wale wawili waligongana kwa nguvu wakaanguka chini. "Wa pili," Sekunda alikuwa akisema, "Valeria, nimekuwa wa pili mkoa mzima, umeniona pale kwenye kona?" Na Valeria, nyasi zimemjaa nywele, alikuwa akijibu kwamba ameona, ameona yote, amesimama juu ya kiti tangu mwanzo mpaka kikavunjika.

Fausta alibaki pale, mikono bado imenyooka, hakuna aliyeijia. Akaitazama. Kisha akaanza kupiga makofi, polepole, halafu kwa nguvu, na alipiga muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani.